Mahafali Kabla ya Mtihani

Ifikapo Septemba na Oktoba, sisi wachungaji wa huku Moshi hupokea kadi nyingi za mahafali ya kidato cha nne, na nyingi kati ya hizo hutoka shule za Kanisa Katoliki. Mtu wa mbali anaweza kushangaa, lakini mtu wa Rau hashangai. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Kilema mwaka 1891 na ya Kibosho mwaka 1893. Mwaka huo huo wa 1893 wamisionari wa Leipzig, waliotuletea Injili sisi Walutheri, walianza kazi Machame. Tangu hapo, kwa miaka mingi, shule ndiyo iliyoamua mtoto abatizwe wapi. Aliyekulia karibu na kengele ya Kilema alikuwa Mkatoliki, na aliyekulia karibu na kengele ya Machame alikuwa Mlutheri, na wajomba zao waligombana juu ya hilo kwenye misiba na harusi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilipoziweka shule nyingi za misheni mikononi mwa serikali, watoto walichanganyika. Makanisa yalipoanza kujenga shule upya, wazazi hawakuuliza tena dhehebu, waliuliza matokeo. Ndiyo maana mabinti wa usharika wa Kilutheri wanasoma kwa masista, nasi tunakodi Coaster kwenda kuwashangilia.

Makala haya ni uhakiki wa mahafali moja ya namna hiyo. Tunayahakiki kama mtu anavyohakiki mahubiri: yalisema nini, na yalikusudia kusema nini. Jina la shule tunaliacha, maana tutakayosema yanaihusu pia shule iliyo chini ya dayosisi yetu wenyewe.

Tulipokuwa tunapandisha, mzee mmoja wa kanisa aliyeketi mbele alitoa hoja ambayo wengi wetu tumewahi kuitoa. Alisema mambo haya yamekaa kinyume. Mtihani wa Taifa ni Novemba, matokeo ni Januari, na leo ni Oktoba. Sasa tunasherehekea nini? "Ni kama kula ubwabwa wa mavuno mpunga ungali majini," alisema, na gari zima likacheka, kwa kuwa sisi watu wa Rau mpunga tunaufahamu. Hatukumjibu. Tulidhani ana haki.

Siku ilianza na Misa. Watahiniwa waliingia kwa maandamano wakiwa wamevaa sare, wasichana wa Kikatoliki, wa Kilutheri, wawili au watatu wa Kipentekoste, na mmoja ambaye tunajua baba yake ni Mwislamu mwenye duka mjini. Masista hawakuwapanga kwa madhehebu wala kwa nafasi za darasani. Baada ya mahubiri padri aliwaambia wasimame na kila mmoja ainue kalamu atakayofanyia mtihani. Wakainua. Akapita katikati yao na maji ya baraka, akinyunyiza kulia na kushoto, na wasichana wakacheka kidogo matone yalipowaangukia usoni. Kalamu ya aliyekuwa wa kwanza darasani ililowa, na kalamu ya aliyekuwa wa mwisho ililowa vilevile. Padri hakuwajua, na hakuwa na haja ya kuwajua.

Hapo ndipo tulipoanza kuitilia shaka hoja ya mzee wetu.

Tuseme jambo moja pembeni. Baba mmoja wa usharika alitunong'oneza kwa masikitiko kwamba binti yake sasa anafanya ishara ya msalaba. Tulimwambia akirudi nyumbani afungue Katekisimu Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, mahali panapofundisha sala za asubuhi na jioni. Ishara ya msalaba imo humo, na aliyeiweka ni Luther mwenyewe. Kilichotuuma sisi siku ile ni kingine. Ilipofika Komunyo, mabinti zetu walibaki wameketi kwenye mabenchi, kama walivyobaki kwa miaka minne, wakati wenzao waliolala nao bweni moja walikwenda mezani. Makanisa yetu mawili yalitia saini Tamko la Pamoja juu ya Kuhesabiwa Haki huko Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999, lakini meza bado ni mbili. Jeraha hilo linastahili makala yake. Hapa tunalitaja tu kwa sababu Tamko hilo linahusu jambo lile lile lililokuwa likitendeka kanisani humo: mwanadamu anakubaliwa na Mungu kwa neema kabla hajawa na chochote cha kuonyesha.

Tazama mpango wa Injili ya Mathayo. Sauti ya Baba inatoka mbinguni katika sura ya tatu, pale Yordani, na kutamka kwamba amependezwa na Mwana. Yesu alikuwa amefanya nini mpaka hapo? Hajamponya mtu, hajahubiri mlimani, hajalisha umati. Jaribu la jangwani linakuja katika sura ya nne. Kwa hiyo baraka ilitangulia, mtihani ukafuata. Kama mzee wetu wa kwenye Coaster angalikuwapo Yordani, pengine angalishauri sauti ile isubiri hadi baada ya jangwa.

Hivyo mahafali ya Oktoba, yanayochekwa kwa kutangulia mtihani, yamebeba mafundisho yetu vizuri kuliko mahubiri mengi ya Sikukuu ya Matengenezo tuliyowahi kuyatoa. Siku ile hakuna mwenye divisheni. Wote ni watoto waliolelewa miaka minne, wanashukuriwa kwa kuwa wapo, wanabarikiwa na kutumwa. Tuliona hayo katika kanisa la Kikatoliki, na haki yao tunawapa.

Lakini Misa ilikwisha, tukatoka kwenda kwenye turubai. Kutoka mlango wa kanisa hadi pale si hatua mia. Katika hatua hizo mafundisho yalibadilika.

Msomaji anaijua ratiba ya chini ya turubai: ngonjera, kwaya, onyesho la kemia ambapo maji hugeuka rangi na akina mama hupiga vigelegele, risala, hotuba ya mgeni rasmi, zawadi, chakula. Risala ndiyo tunayotaka kuisoma kwa makini, kwa sababu ndiyo maandishi pekee ambayo shule huweka mikononi mwa wanafunzi wayaseme kama yao. Sehemu kubwa ya risala ile ilikuwa kama risala zote. Iliomba basi la shule na uzio. Iliwashukuru masista kwa malezi. Lakini katika aya ya pili kulikuwa na hesabu. Msomaji wake, binti mwenye sauti nzuri sana, alitaja idadi ya walioanza kidato cha kwanza, kisha idadi ya wanaohitimu. Tofauti ilizidi kumi. Akasoma kwamba wenzao hao hawakuweza kuendelea nao "kwa sababu mbalimbali."

Maneno mawili. Sababu mbalimbali ni zipi? Mmoja huenda aliugua, mwingine akahama na wazazi, mwingine ada ilishinda. Lakini kila mzazi chini ya turubai lile alijua sababu kubwa zaidi: wastani. Shule iliweka alama ambayo mtoto asipoifikia mwisho wa mwaka hutafutiwa shule nyingine, ili siku ya matokeo asije akaharibu sura ya shule. Risala haikusema uongo. Ilichagua maneno ambayo hayana mtu ndani yake.

Na mtu alikuwapo. Nyuma yetu, safu ya tatu, alikuwa ameketi mama mmoja wa mtaa wetu. Binti yake alikuwa mmoja wa hao waliozidi kumi. Aliondolewa mwisho wa kidato cha pili kwa upungufu wa alama chache, akarudi kusoma shule ya kata, akitembea kwa miguu. Mama huyu hakuwa na mtoto wa kumshangilia siku ile. Alikuja kwa ajili ya binti wa jirani, aliyekuwa rafiki wa binti yake, na alikesha akisaidia kupika pilau tuliyoibeba kwenye masufuria. Risala iliposema sababu mbalimbali, alifungua mkoba akaanza kutafuta kitu. Alitafuta mpaka risala ikaisha.

Kisha zikaja zawadi. Wa kwanza hisabati, wa kwanza baiolojia, wa kwanza jumla, na wale wale watatu walipanda jukwaani hadi mikono ikajaa. Hatupingi zawadi. Mtoto aliyeshinda na kitabu anastahili kupigiwa makofi. Tunachokihakiki ni kwamba kanisani shule ilinyunyizia maji kalamu zote, na nje ikahesabu chache, na hakuna aliyeona kwamba mambo hayo mawili yanahitaji kuzungumza. Mgeni rasmi alisifu shule kwa kutokuwa na sifuri. Watu wakashangilia. Hakuna aliyeuliza hizo sifuri zilipelekwa wapi.

Serikali, kwa upande mmoja, iliona jambo ambalo makanisa tulichelewa kuliona. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022 yalipotoka Januari 2023, Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Sisi wenye shule tulifanya nini? Tukachapisha mabango yetu wenyewe na kuyatundika barabarani, divisheni ya kwanza wangapi, ya pili wangapi, na jina la mtakatifu au la dayosisi juu yake.

Tungeishia hapa, uhakiki huu ungekuwa wa Mlutheri anayemnyooshea kidole Mkatoliki, na hilo si zito kuandika. Bahati mbaya ikaja Januari.

Matokeo yalipotoka, binti wa jirani alipata divisheni ya kwanza. Jumapili iliyofuata familia yake ilileta shukrani. Tunazijua shukrani zetu: familia inatoka nyuma kwa wimbo, kwaya inaongoza, bahasha, mkungu wa ndizi, jogoo, na baada ya ibada mnada. Mchungaji anatangaza divisheni na pointi, na usharika unaitikia. Tulitangaza kwa furaha. Ilikuwa furaha ya kweli, maana baba wa binti huyo aliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya ada.

Jumamosi ya wiki ya pili, yule mama alikuja ofisini na bahasha ndogo. Hakuketi. Alisema, "Baba Mchungaji, samahani. Nilitaka kuuliza. Divisheni thrii nayo inashukuriwa?"

Tulimwambia, "Ndiyo, mama, inashukuriwa." Lakini tunakiri mbele ya wasomaji kwamba kabla ya kusema ndiyo tulitazama daftari la matangazo, tukaona kwamba kesho yake kuna shukrani nyingine za divisheni ya kwanza, na tukamwomba asubiri Jumapili moja. Wazee wetu wa Kichaga walipomkosea mtu walishika jani la isale wakaenda kuomba radhi. Sisi tulishika daftari. Mama alisema hapana shida, akaiacha bahasha mezani, akaondoka. Jumapili aliyopangiwa hakuja.

Kwa miaka mingi tumefundisha watoto wa kipaimara kwamba Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha nne, linasema hatupati haki mbele za Mungu kwa matendo yetu. Tunawadai waliseme kwa moyo. Halafu Januari tunasimama madhabahuni na kusoma pointi. Mtoto wa kipaimara si mjinga. Anajua lipi kati ya hayo mawili tunaliamini. Na vijana wengine tunaowaona Rau Madukani wakiwa juu ya pikipiki saa ya ibada, wale wanaogeuza uso wanapotuona, tulizoea kusema wamepotea kwa sababu ya mji. Tulipohesabu kwa unyoofu, tuligundua kwamba baadhi yao walikuja ibadani mara ya mwisho Desemba kabla ya matokeo.

Tulipowapelekea wazee wa kanisa jambo hili, yule mzee wa Coaster alipinga, na alipinga vizuri. Alisema tukishukuru kila kitu sawasawa, watoto watalala, na mzazi aliyeuza ng'ombe ataona tumemdharau. Hoja hiyo hatujaimaliza mpaka leo. Shukrani za Januari bado zipo, na bado mwenye furaha yake anaitangaza. Tumeacha tu kusoma pointi, na hata hilo familia mbili zimelinung'unikia.

Lakini Oktoba iliyopita tuliiga. Jumapili moja kabla ya mitihani tuliwaita watahiniwa wote wa usharika, wa masista, wa shule zetu, wa shule za kata, waje na kalamu zao. Hatukunyunyiza maji, maana wazee wangeshtuka. Tuliwawekea mikono, mmoja mmoja, na ibada ilichelewa kwisha karibu nusu saa. Wa mwisho kwenye mstari hakuwa amevaa sare. Alikuwa kijana wa pikipiki, mwenye umri wa miaka ishirini na kitu, aliyejiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea bila kumwambia mtu. Kalamu yake ilikuwa ya buluu, bado ndani ya nailoni. Yule mama alikuwa kwenye kwaya ya akina mama, upande wa soprano, na binti yake alikuwa ameketi benchi la nyuma karibu na mlango.

Bahasha yake bado iko kwenye droo ya ofisi. Hatujaifungua, na hatujajua tumrudishie kwa maneno gani.