Hadithi za Makumbusho ya Kijerumani katika Mtandao: Lugha na Msimulizi Wake

Majumba ya makumbusho, maktaba na vyama vya utamaduni vya Ujerumani vimeingia katika kazi ambayo zamani ilikuwa ya mchapaji wa vitabu na ya msimulizi wa barazani. Kwa muda wa miaka kumi na zaidi vimekuwa vikitunga hadithi za kusomwa, kutazamwa na kusikilizwa kwa njia ya mtandao, na nyingi hutolewa bure kwa kila mwenye simu au kompyuta. Sifa zake za picha na ufundi zimesemwa sana. Lugha yake haijapimwa vya kutosha, wala haijaulizwa ni nani hasa anayesimulia. Maswali hayo mawili yamgusa msomaji wa Kiswahili kwa karibu kuliko adhaniavyo, maana sehemu ya mali inayosimuliwa ilitoka kwake.

Yafaa kuanza na kazi iliyo njema. Jumba la Städel la Frankfurt, lililoanzishwa kwa wasia wa Johann Friedrich Städel mwaka 1815, lina desturi ya kutayarisha ukurasa mrefu wa mtandaoni, uitwao Digitorial, ili kumwandaa mtu kabla hajaingia katika maonyesho. Maonyesho ya Monet ya mwaka 2015 yalikuwa nao. Msomaji huushusha ukurasa kwa kidole, na kadiri ushukavyo picha hukua, maneno hujitokeza na kutoweka, na habari huja kidogo kidogo kama mtu anayefunuliwa nguo za arusi sandukuni. Sentensi ni fupi na safi. Lakini aliyelelewa katika mila ya paukwa na pakawa hutambua mara moja kinachokosekana. Ngano ya Kiswahili haiendi mpaka hadhira imeitika. Msimulizi huomba ruhusa, naye hupewa. Hapa kidole ndicho kiitikiacho, na itikio lake ni bubu: laweza kuharakisha hadithi au kuichelewesha, haliwezi kuigeuza.

Jumba hilohilo lilifanya jambo kubwa zaidi mwaka 2019, lilipotoa masimulizi ya sauti kwa jina la Finding Van Gogh, yakifuatana na maonyesho ya mchoraji huyo. Masimulizi yale yahusu picha ambayo jumba halina. Van Gogh alimchora Daktari Gachet mwaka 1890. Picha ikafika Städel kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1937 serikali ya Wanazi ikaitwaa. Mwaka 1990 ikauzwa mnadani New York kwa dola milioni 82.5, na tangu hapo haikuonyeshwa tena hadharani. Katika maonyesho, jumba lilitundika fremu tupu ya picha ile. Nguvu ya kazi hii yatokana na msimulizi kukubali kutafuta mbele ya wasikilizaji wake. Auliza, aenda, akosa, arudi. Tena vitenzi vyote vya upotevu vina watendaji wake: aliyetwaa atajwa, aliyeuza atajwa, aliyenunua atajwa. Hakuna mahali paambiwapo tu kwamba picha “iliondoka”.

Sifa hiyo ya mwisho ndiyo inayopaswa kushikwa kama kipimo. Itumikapo kwa mali iliyotoka Afrika ya Mashariki, mambo hubadilika.

Mwezi wa Novemba 2021 Maktaba ya Dijitali ya Ujerumani, ambayo ilikwisha kuonekana mtandaoni kwa majaribio tangu 2012, ilifungua mlango maalumu wa makusanyo yaliyotoka katika mazingira ya ukoloni. Taasisi 25 zilihusika katika hatua ya majaribio. Ni kazi ya kushukuriwa, na hapana haja ya kuibeza: mtu aliye Songea au Moshi aweza leo kutazama alichokuwa hawezi kukijua kuwa kipo. Hata hivyo lugha zilizotumika kwa kumwongoza mtafutaji zilikuwa Kijerumani na Kiingereza, na anachokikuta ni kumbukumbu ya orodha: namba, kipimo, aina ya mti au chuma, jina la aliyekileta. Orodha si hadithi. Ndiyo maana vyama vya utamaduni vinasukumwa sasa kuzigeuza orodha hizo ziwe masimulizi, na katika kugeuza huko ndipo sarufi inapotoa ushahidi.

Chukua neno ambalo wenye makumbusho wa Kijerumani hulitumia mno, erworben. Maana yake ni kupata kitu kiwe chako, na halisemi kwa njia gani. Mfasiri asiye mwangalifu ataandika kwa Kiswahili: “Ngao hii ilipatikana mwaka 1898.” Sentensi ni fasaha, na mwalimu hawezi kuikosoa. Lakini kauli ya kutendeka, yenye -ikana, haipokei mtendaji. Mtu hawezi kusema “ilipatikana na Kapteni fulani” akakusudia kwamba kapteni ndiye aliyeipata. Kijerumani kiliacha mlango wazi wa kumtaja mtu kwa neno von, ingawa mwandishi hakuingia. Kiswahili cha mfasiri kimeufunga mlango kwa komeo. Tafsiri imeficha kuliko asili yake. Msamiati wa kuchagua upo tele: ilinunuliwa, ilitolewa zawadi, ilitekwa, iliporwa, ilichukuliwa kwa maiti. Kila kimoja kati ya vitenzi hivyo chadai ushahidi, na pale ushahidi usipopatikana, ni heri kusema wazi kwamba haijulikani nani aliichukua. Mfasiri wa Kiswahili hawezi kufanya kazi yake sawasawa pasipo kumrudia mtunza makusanyo na kumwuliza. Swali hilo la kisarufi, kwa hakika, ni swali la historia.

Jambo la pili ni wakati wa vitenzi. Waandishi wa maonyesho ya Kijerumani hupenda kusimulia ya kale kwa wakati uliopo, ili msomaji ajione yumo ndani ya tukio. Anayefuata mtindo huo neno kwa neno ataandika, tuseme, hivi: “Mwaka 1894 Wajerumani wanaishambulia Kalenga. Mkwawa anaponyoka. Mwaka 1898 anajiua.” Matukio yamewekwa kando kando kama shanga zisizo na uzi. Kiswahili kina uzi wake, nao ni -ka-: “Wajerumani waliishambulia Kalenga, wakaivunja ngome, Mkwawa akaponyoka, akaendelea kupigana vichakani, hata alipozingirwa mwaka 1898 akajiua.” Hapa kila tendo lazaliwa na lililotangulia, na msomaji huona kwamba kifo kile kilikuwa mwisho wa miaka minne ya vita. Wakati uliopo si kosa katika kila mahali. Magazeti huutumia katika vichwa vya habari. Ukitawala hadithi nzima, sababu na tokeo hupotea.

Mkwawa hakutajwa bure. Deutsche Welle, ambayo idhaa yake ya Kiswahili ilianza mwaka 1963, ilitoa tangu 2018 mfululizo uitwao kwa Kiingereza African Roots, kwa msaada wa wakfu wa Gerda Henkel, wenye picha za katuni na sauti juu ya watu wa historia ya Afrika: Nzinga, Yaa Asantewaa, Mkwawa na wengineo. Watayarishaji waliwapa wachoraji wa Lagos kazi ya picha, na Kiswahili kikapewa nafasi pamoja na lugha nyingine, hatua ambayo makumbusho mengi hayajaifikia. Tatizo la kazi za namna hii ni ufupi. Hadithi iliyopangwa tangu mwanzo iingie katika lugha kadhaa, tena ndani ya dakika chache, haina budi kuacha kila kisichovuka mpaka kwa urahisi: methali, majina ya heshima, utani, jina la mto. Yabakiayo ni shujaa na adui. Mkwawa wa Wahehe wenyewe, mwenye hila na ukali hata kwa jirani zake, ni mtu mzito kuliko huyo.

Kazi moja yaweza kulinganishwa na fremu tupu ya Frankfurt. Kundi la tamthilia la Flinn Works la Berlin lilitayarisha mwaka 2018 onyesho liitwalo Mangi Meli Remains, lenye picha za kuchora zinazokwenda kwa ufundi wa kompyuta, ambalo baadaye lilifika Old Moshi. Mangi Meli alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, na yaaminiwa kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Hapa pia msimulizi anakitafuta asichokuwa nacho, na watendaji watajwa. Tofauti ni kwamba picha ya Gachet ilitafutwa na jumba kubwa lenye fedha zake, na kichwa cha Meli kilitafutwa na ukoo wake pamoja na kundi dogo la wasanii.

Pana habari ya zamani ambayo watungaji wa hadithi hizi wangefaa kuisoma kabla ya kuanza. Mwaka 1903 kilichapwa Göttingen kitabu Desturi za Wasuaheli, chenye jina la Carl Velten juu yake. Sehemu kubwa ya maandishi yale ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo, aliyefundisha Kiswahili Berlin na kufariki nchini humo mwaka 1927. Kitabu kimekwisha kupigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Maadamu mwenye kuandika orodha hufuata ukurasa wa mbele, jina la Velten laendelea kukaa mahali pa mwandishi, na Mtoro hupatikana na yule tu amjuaye tayari. Nathari yake ni bora kuliko nyingi zitungwazo leo kwa skrini: ajua lini aeleze desturi kwa hu-, na lini aingie katika kisa kwa -ka-.

Hali ni hiyohiyo kwa majina ya mahali. Kumbukumbu za Wajerumani zaiita Lushoto Wilhelmsthal, Kasanga zaiita Bismarckburg, na Tukuyu ni Neu-Langenburg. Majina ya Kiafrika yenyewe yameandikwa kwa hijai ya Kijerumani, Ssongea na Udjidji. Kompyuta haijui kwamba hayo ni mamoja mpaka imeambiwa, na mzee wa Tukuyu atakayeandika jina la mji wake aweza kujibiwa kwamba hakuna kitu. Orodha ya kulinganisha majina ya zamani na ya sasa, wilaya kwa wilaya, yaweza kutungwa na wanafunzi wawili wenye ramani ya kale na mtu mmoja ajuaye tahajia zote mbili.