Ramazani: Maana ya Jina na Upungufu wa Tafsiri Yake

Vijitabu vya majina ya watoto wa kiume vina desturi ya kuliweka jina upande mmoja na maana yake upande wa pili, mithili ya bidhaa na bei yake. Katika orodha za namna hiyo Ramadhani hufasiriwa kwa maneno mawili tu: joto kali. Tafsiri hiyo si ya uongo. Mzizi wa Kiarabu r-m-ḍ unahusu ukali wa jua juu ya mawe na mchanga, na wanaleksikografia wa kale walieleza kwamba mwezi huo ulipewa jina hilo ulipoangukia majira ya hari. Upungufu wake ni kwamba inaueleza mzizi na kuliacha jina. Ni vigumu kumfikiria mzazi wa Kasongo au wa Kabambare aliyemwita mwanawe Ramazani huku akiwaza mawe yaliyoungua huko Bara Arabu.

Mwezi wenyewe uliachana na joto zamani. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, hivyo Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa jua na kuzunguka majira yote kwa miaka ipatayo 33. Mwaka 2030 itaanza mara mbili, Januari na tena Desemba. Ramazani mmoja huzaliwa kwenye mvua, mwingine kiangazi. Kinachobaki katika jina ni wakati: mwezi wa saumu, ambao ndio pekee uliotajwa kwa jina katika Kurani. Jina linasema mtoto aliingia duniani lini, kama wasemavyo Juma na Hamisi, au Amisi kwa matamshi ya Kongo. Baadaye, bila shaka, mjukuu hurithi jina la babu hata akizaliwa mwezi mwingine, na hapo kamusi ya mizizi haina tena la kusema.

Jambo ambalo vijitabu hivyo havigusi kabisa ni kalenda ya Waswahili. Pwani, miezi haikuhesabiwa kuanzia Muharamu. Ilihesabiwa kuanzia mwisho wa saumu. Shawali huitwa Mfungo Mosi, unaofuata Mfungo Pili, na kadhalika hadi Mfungo Tisa. Mitatu tu ndiyo iliyobaki na majina yake ya Kiarabu katika hesabu hiyo: Rajabu, Shabani na Ramadhani. Na hayo matatu ndiyo majina ya miezi yaliyozoeleka zaidi kwa wanaume wa Kiswahili. Hoja hii isikazwe kupita kiasi, kwa kuwa Waarabu nao huwaita watoto wao Rajab, Shaban na Ramadan. Hata hivyo inaonyesha kwamba jina lilipofika bara lilikuwa limekwisha kukaa ndani ya mfumo wa Waswahili wenyewe, ambamo mwezi wa saumu ndio mhimili wa mwaka mzima.

Sauti za jina zinashuhudia vivyo hivyo. Wapo wanaoiona z ya Ramazani na kukimbilia Uajemi au Uturuki, ambako kweli husemwa Ramazan. Ni kufanana tu. Ḍ ya Kiarabu iliingia katika Kiswahili cha pwani kama dh, kama ilivyo katika kadhi na dhiki. Kiswahili cha Kongo hakina dh wala th katika matamshi ya kawaida: dhambi huwa zambi, thamani huwa samani, Athumani huwa Asumani. Ramadhani hufuata kanuni hiyohiyo, na matamshi ya z husikika pia sehemu za bara ya Tanzania. Irabu ya mwisho nayo imeongezwa na Kiswahili. Z ya Ramazani, basi, ina historia yake, na historia hiyo inapita njia ya misafara.

Njia hiyo haikuwa safi. Nyangwe na Kasongo zilikuwa vituo vya wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliotoka Zanzibar na pwani, hadi vita vya 1892–1894 vilipovunja utawala wao. Lakini waliolibeba jina zaidi walikuwa waungwana, ambao wengi wao walikuwa wenyeji wa Maniema na jirani zake, na wazao wao wakalishika hata wale walioingia makanisani. Emmanuel Ramazani Shadary, mzaliwa wa Kabambare aliyegombea urais mwaka 2018, anayo majina hayo mawili bega kwa bega. Katika utaratibu wa majina ya Kongo, Emmanuel yuko mahali pa jina la ubatizo na Ramazani yuko mahali pa jina la wazee.

Kwa sababu hiyo, mwalimu wa Kiswahili sanifu anayemsahihisha mwanafunzi ili aandike Ramadhani, kwa madai kwamba z ni kosa, anachanganya mambo mawili. Tahajia sanifu ina haki juu ya jina la mwezi. Juu ya jina la mtu haina. Cheti cha kuzaliwa kikisema Ramazani na diploma ikisema Ramadhani, ni mwanafunzi, wala si mwalimu, atakayepanga foleni ofisini kuthibitisha kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja.