Mwili wa mtu katika kitabu cha mikono mingi

Wikipedia ilianza mwaka 2001, na sheria yake ni hii: karibu kila mtu aweza kuandika, tena aweza kusahihisha aliyoandika mwenzake. Tuipime namna gani kazi hiyo, hasa pale inapoeleza viungo vya mwili?

Tusifu kwanza lililo jema. Mabadiliko ya kila makala huhifadhiwa pamoja na siku yake, hata msomaji aweza kujua neno fulani liliingia lini. Ni vitabu vichache vinavyoacha makosa yao ya zamani yaonekane hivyo.

Lakini tuna lawama. Makala nyingi za anatomia kwa Kiingereza zilianza na maneno ya kitabu cha Henry Gray, chapa ya mwaka 1918, kwani haki za chapa hiyo zimekwisha. Kitabu ni bora, ila kiliandikiwa wanafunzi wa uganga, si watu wote. Tena elimu haikulala: mwaka 2015 wataalamu walionyesha, katika panya, mishipa ya limfa ndani ya ngozi zinazofunika ubongo. Chapa ya 1918 haikuwa na habari hiyo. Anayesahihisha sentensi moja huacha jirani yake ilivyo, na maneno ya zamani hukaa na ya juzi kama viraka katika nguo.

Basi, hukumu yetu ni hii: mikono mingi huondoa makosa mengi, lakini haitoshi. Sharti apatikane mmoja wa kuisoma makala nzima, toka mwanzo hata mwisho, akiwa na msomaji mbele ya macho yake.