Siki Kwenye Ukuta wa Matumbawe

Dirisha la chumba changu Kisauni lilifungwa Februari, kaskazi ikielekea kukata. Fundi wa alumini alikaza fremu, akakata ncha ya tyubu ya silikoni, akavuta bunduki yake taratibu kuzunguka pembe zote nne, kisha akalainisha kwa kidole kilicholowa maji ya sabuni. Kazi safi. Chumba kikanuka siki siku mbili. Mei, kusi ilipoingia na mvua, maji yakachuruzika ndani. Niliuvuta ule utepe mweupe kwa kucha: upande wa kioo uling'ang'ania, upande wa ukuta ukabanduka mzima kama ganda la ndizi, mgongoni umebeba unga.

Mkono wa fundi haukukosea. Kosa lilikuwa ndani ya tyubu, na unga ule ni ushahidi wake.

Kiswahili kimeipa jina moja, silikoni, elementi iliyomo mchangani na mpira unaotengenezwa kutokana nayo. Tusiwalaumu walioliazima; jina lenyewe lilianza kwa makosa. Frederick Kipping wa Nottingham, mwanzoni mwa karne ya 20, alidhani michanganyiko hii inafanana na ketoni, akaipa jina la kufanana nazo. Bei ya mpira huu ilishuka baada ya Eugene Rochow wa General Electric kugundua, mwaka 1940, kwamba gesi ya methili kloridi ikipitishwa juu ya elementi ya silikoni ya moto yenye shaba hutoa malighafi moja kwa moja.

Mpira huu ni minyororo ambamo silikoni na oksijeni hupokezana, na vikundi vya methili vimening'inia pembeni. Kuvunja kifungo cha silikoni na oksijeni kunahitaji takriban kilojuli 450 kwa moli. Cha kaboni na kaboni, kama 350. Ndiyo maana jua linalopasua mpira wa kawaida juu ya paa halina haraka na silikoni. Zile methili nazo hulikataa tone la mvua.

Rangi ya maji hukauka kwa kupoteza maji. Silikoni hukomaa kwa kuyanywa. Katika tyubu ya bei nafuu, ncha za minyororo zimefungwa kwa vikundi vya asetati. Unyevu wa hewa huvibandua, navyo huondoka vikiwa asidi ya siki, huku minyororo ikishikana. Hewa ya pwani husaidia: ngozi hujifunga kwa dakika 10 hadi 20. Lakini ndani unyevu hupenya milimita 2 au 3 tu kwa siku, kwa hiyo anayemwagia maji dirisha jioni ile ile anajaribu kitu kibichi.

Kioo ni ndugu wa silikoni, uso wake umejaa vikundi vya kushikana navyo. Ukuta wangu ni matofali ya matumbawe kutoka timboni, yaani kalsiamu kaboneti, jiwe lile lile ambalo kiwanda cha Bamburi kimelichoma kuwa saruji tangu 1954. Asidi ikiligusa, huzaa kaboni dayoksaidi na kalsiamu asetati, chumvi inayoyeyuka majini. Silikoni ikajishikiza kwenye vumbi. Plasta ya saruji haiponi pia, na skrubu za mabati huanza kutu.

Nilikwangua yote, kwa sababu wala rangi wala silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ya zamani. Nikaufuta ukuta chumvi ya bahari kwa maji baridi, nikauacha ukauke, nikanunua tyubu iliyoandikwa "neutral", ambayo hutoa alkoholi au oksimu badala ya asidi. Ni ghali zaidi. Dirisha limepita kusi mbili sasa, kavu.

Wewe unayejenga Likoni au Changamwe, chukua kipande cha tofali lako, kidondoshee siki ya jikoni. Kikitoa povu, mwambie fundi arudishe dukani tyubu inayonuka.