Nani Atamhakiki Mhakiki? Hifadhi Huria na Ngano ya Fisi

Katika tahakiki nyingi tunazoandika hapa chuoni huwa tunaanza na dhamira, tunakuja kwenye fani, kisha tunamalizia na kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Leo naomba nitumie utaratibu huohuo kuhakiki kitu ambacho si riwaya wala tamthilia: hifadhi huria za utafiti, yaani zile hazina za mtandaoni ambamo vyuo vikuu huweka tasnifu na makala ili mtu yeyote asome bure. Najua wapo watakaosema hiyo ni kazi ya wakutubi. Mimi nasema ni kazi yetu pia, na sababu yangu inatoka Shelui.

Shelui ni nyumbani. Ni mji mdogo wa wilaya ya Iramba, mkoani Singida, chini ya mlima Sekenke, kwenye barabara kuu iendayo Nzega. Nikiwa bado shule ya msingi, alikuja mwanafunzi wa chuo kimoja na kinasa sauti chake, akamwomba bibi yangu amsimulie ngano za Kinyiramba. Bibi akasimulia siku tatu. Akaahidiwa kitabu. Kitabu hakikuja.

Likizo iliyopita niliitafuta kazi ile kwa simu, nikiwa stendi ambako mtandao unakamata vizuri. Nilianza kwa maneno ya Kiswahili, sikupata kitu. Nilipoandika kwa Kiingereza ikatokea: jina la tasnifu, mwaka, na ikisiri ya Kiingereza. Faili lenyewe lilikuwa limefungwa, ati ni kwa watu wa chuo hicho tu. Nilipomweleza bibi, akaniuliza, "Sasa wewe mjukuu wangu si umesoma? Wameandika nini humo?" Nikakosa jibu.

Hebu sasa tuangalie maudhui. Dhamira kuu ya hifadhi hizi imeelezwa vizuri katika Azimio la Budapest la mwaka 2002. Azimio linataka maandishi ya kitaaluma yasomwe, yanakiliwe na kusambazwa bure, bila vikwazo vya fedha, sheria wala ufundi. Ni dhamira nzuri, hakuna ubishi. Lakini mwanafunzi wa fasihi hufundishwa kuangalia hata kijisentensi kidogo. Azimio lina kijisentensi kama hicho: vikwazo vyote viondoke, isipokuwa vile visivyoepukika katika kuufikia mtandao wenyewe. Kwa aliyeko Budapest hilo ni jambo dogo. Kwa anayenunua bando la siku pale stendi ya Shelui, "isipokuwa" hiyo ndiyo mgogoro mkuu wa hadithi nzima.

Tukija kwenye kufaulu, tuwe wakweli, kupo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kimeweka mtandaoni tasnifu nyingi zikiwa kamili, na miongoni mwake zimo za fasihi zilizoandikwa kwa Kiswahili. Jarida la Swahili Forum, lililoanza mwaka 1994 huko Ujerumani, nalo linasomwa bure. Makala zake kadhaa nilizisoma nikiwa nyumbani, bila kadi ya maktaba. Maktaba mpya ya Mlimani, iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2018, inaweza kuchukua wasomaji 2,100 kwa mara moja. Si mchezo. Lakini jengo halisafiri. Hifadhi ya mtandaoni ndiyo ingeweza kupanda basi la kwenda Nzega.

Udhaifu wake uko wapi? Wengi watasema ni fedha na mitambo. Mimi binafsi naona udhaifu mkubwa zaidi ni wa kiuhakiki, nao niliuona nilipofanikiwa kuisoma tasnifu ile. Nilikwenda mpaka kwenye chuo kile, nikaomba ruhusa, nikapewa nakala yenye jalada gumu nisome palepale. Bibi yangu hatajwi. Ni "Msimulizi wa Nne" tu. Ngano yake ya fisi imo, lakini nyimbo zake hazimo. Mhakiki anasema dhamira ya ngano hiyo ni ulafi: fisi aliiba chakula cha wenzake kwa sababu hashibi. Nilinakili kurasa zile kwa mkono.

Niliporudi Shelui nikamsomea bibi, huku nikimfasiria. Alicheka sana, kisha akanyamaza. Akasema, "Hapana. Fisi huyo hakuwa mlafi. Ulikuwa mwaka wa njaa, na alikuwa na watoto. Wimbo ndio unaosema hivyo. Wimbo wameuweka wapi?"

Jamani, hebu fikirini. Wimbo ulipoachwa, njaa ilitoka ndani ya ngano na ulafi ukaingia mahali pake. Mtahini hakuwa na namna ya kuliona kosa hilo, maana hakuwahi kuusikia wimbo. Aliyeweza kuliona ni bibi mmoja wa Shelui, na ndiye hasa aliyefungiwa mlango. Hivyo basi, kufungua hifadhi si suala la huruma kwa wanavijiji, ni sehemu ya uhakiki wenyewe. Kazi isiyoweza kuwafikia waliosimulia haina wa kuisahihisha, na makosa yake hurithiwa na kila atakayeinukuu.

Wito wangu kwa wenzangu ni mdogo. Kila tasnifu ya fasihi simulizi iwe na ikisiri na maneno ya kutafutia kwa Kiswahili, hata kama imeandikwa kwa Kiingereza. Nyimbo zibaki katika lugha yake, tafsiri iwekwe kando. Msimulizi atajwe kwa jina akiridhia. Nakala moja ya karatasi irudi kwenye shule ya kata ilikochukuliwa ngano. Na mwandishi akirudi nayo, asiikabidhi tu na kuondoka. Akae chini, awasomee, asubiri kusahihishwa.

Mimi mwenyewe bado nina kurasa tatu sijamsomea bibi. Amesema nije nazo Desemba, na niache kalamu wazi.