Nyuzi Sabini na Nane

Klabu ya taarabu ya Unguja inapoalikwa kupiga katika ukumbi mkubwa wa Ulaya, watu huja kumsikiliza mwimbaji. Mimi jicho langu humfuata mpigaji wa ala ya nyuzi iitwayo ganuni, tena kabla watu hawajaingia, akiwa peke yake jukwaani na ufunguo wake mdogo.

Ganuni kubwa ina nyuzi 78. Zimepangwa tatutatu, kila tatu kwa sauti moja, na hizo tatu lazima ziseme kwa kinywa kimoja. Uzi mmoja ukilegea kidogo tu, sauti inayumba. Basi mpigaji anadonoa, anasikiliza, anakaza, anadonoa tena. Akifika wa mwisho, wa kwanza umeshatoroka. Daraja linalobeba nyuzi limekaa juu ya vipande vya ngozi ya samaki, na ngozi ina tabia zake: unyevu wa Unguja huilegeza, joto kavu la ukumbi huikaza, na taa za jukwaani huivuruga upya. Anarudi mwanzo bila kuguna.

Wimbo ukianza, kazi haijaisha. Kila kidole cha shahada kimevaa pete iliyobana kipande chembamba cha kudonolea. Mkono wa kulia unakwenda na wimbo, wa kushoto unaufuata chini kidogo, kama mtu na kivuli chake. Ghafla mkono wa kushoto unaruka pembeni, unageuza kijipini cha chuma, unarudi. Hapo ndipo inapopatikana ile sauti ya rasti, mojawapo ya maqam (mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu), iliyolala katikati ya vibao viwili vya piano, ambayo piano haina. Mkono wa kulia haujasimama hata mara moja.

Husimuliwa kwamba Sultan Barghash wa Zanzibar alimtuma mwanamuziki Mohamed Ibrahim hadi Cairo kujifunza ala hii. Klabu za taarabu zikafuata, Nadi Ikhwan Safaa mwaka 1905 na Culture Musical Club mwaka 1958, na ganuni bado ipo mbele, magotini au mezani. Ugenini, hata hivyo, hakuna bibi anayeinuka, kama nyumbani, kwenda kutunza akicheza polepole na noti mkononi. Wasikilizaji wanakaa kimya, wanapiga makofi mwishoni. Kwa mwimbaji ni upweke. Kwa ganuni, nakiri, kimya kile ni neema.

Ukipata tiketi, wahi. Ukimkuta mpiga ganuni bado anakaza nyuzi, zima simu yako, usizungumze na jirani.