Kilio bila Maiti

Mara nyingi twasikia wazee wakilalamika kwamba vijana wa siku hizi hawajui tena kukesha na mfu. Neno hilo lina ukweli, lakini twaona haligusi kiini cha jambo. Vijana wanakuja kilioni. Viti vinajaa, shitingi inafungwa mbele ya nyumba, korali inaimba mpaka sauti zinakauka. Anayekosekana kilioni ni mmoja tu, ndiye marehemu mwenyewe.

Tueleze vizuri. Zamani, katika vijiji vyetu vya Kivu, mtu akikata roho jioni alizikwa kesho yake, kwa maana maiti haingoji. Usiku ule mmoja ulikuwa wa kukesha. Maiti ilioshwa, ikalazwa juu ya mkeka, taa ya mafuta ikawashwa karibu na kichwa. Akina mama walikaa ndani, wakiizunguka. Wanaume walikaa nje, wakiota moto wa kuni ambazo majirani walileta wenyewe. Huyu aliimba, yule alilia, mwingine alisimulia namna marehemu alivyomlipia deni mtu asiyekuwa ndugu yake. Mjane hakuachwa peke yake hata kidogo. Na kulipokucha, kila mmoja alikuwa amemtazama mfu usoni, akajua kabisa kwamba amekwenda. Kazi kubwa ya kukesha ilikuwa hiyo: kumsaidia aliye hai kusadiki jambo ambalo moyo wake unalikataa.

Siku hizi, mjini Bukavu au Goma au Butembo, mgonjwa anafia hospitalini, na maiti inapelekwa morge, katika chumba cha baridi. Hatusemi kwamba morge ni kitu kibaya. Inawapa watoto walio Kinshasa au Ulaya nafasi ya kufika. Lakini tazameni matokeo yake. Usiku mmoja umegeuka kuwa siku nne, tano, hata juma zima. Watu wanakaa uani kwa marehemu, na marehemu yuko mahali pengine, hana mtu. Kwa kuwa hakuna wa kukesha naye, mazungumzo yanageukia mpira, siasa, na hasa michango. Karani wa michango anaita majina kwa kipaza sauti, na aliyetoa kidogo anainamisha kichwa. Saa tatu ya usiku wengi wamekwisha kwenda, mjane anabaki na dada yake na vyombo vichafu. Asubuhi ya mazishi ndipo maiti inatolewa. Inapita nyumbani nusu saa, gari likinguruma barabarani, kisha kanisani, kisha makaburini.

Wengine watatujibu: Je, mmesahau Ebola? Hatukusahau. Ugonjwa ule uliotangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ukafika Ituri pia, ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, nao ulikuwa umeua watu 2,287. Kugusa maiti ni mojawapo ya njia zake za kuenea. Kukataza kuosha wafu wakati ule kulikuwa kuokoa uhai wa watu. Tena mwaka ule ule wa 2020, kwa sababu ya korona, serikali ilikataza vilio majumbani, ikaamuru maiti zitoke morge moja kwa moja mpaka kaburini. Amri ile ilikuwa na sababu yake. Lakini hata pale ambapo hatari ile haipo, wengi wetu tunaendelea kana kwamba amri ingali na nguvu, kwa maana ni rahisi zaidi. Usalama wa usiku ni neno jingine: pale ambapo bunduki zinasikika, hatumlaumu mtu anayefunga mlango wake mapema.

Sasa tuseme lawama inayotuhusu sisi watu wa Kanisa. Wamisionari wengi wa zamani, na makatekista pamoja nao, walikemea sana makesha ya vilio kwa sababu ya pombe, ngoma, na mambo machafu ya gizani. Juu ya pombe walikuwa na haki. Lakini makemeo yale yalizaa nini? Waliokuja kusali walitii, wakaenda kulala. Pombe haikutii. Imehamia mchana, inanywewa baada ya mazishi chini ya shitingi, mbele ya padri.

Na Kanisa halitukatazi kukesha. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulitaka ibada ya mazishi ipatane vema zaidi na desturi za kila nchi. Kitabu cha mazishi kilichotolewa huko Roma mwaka 1969 kinataja vituo vitatu: nyumbani kwa marehemu, kanisani, makaburini. Kwa kile cha nyumbani kuna sala za kukesha, zenye zaburi na masomo, na mlei aweza kuziongoza padri asipokuwapo. Ni parokia ngapi zinazozitumia? Tumehudhuria vilio vingi, na mara nyingi tulisikia rozari ya haraka, kisha tangazo la michango. Rozari ni sala njema, lakini ikisaliwa kama kodi inayolipwa mlangoni, hata watoto wanatambua.

Hatuombi usiku saba. Twaomba usiku mmoja, ule wa kuamkia mazishi. Gari litakaloleta maiti asubuhi laweza kuileta jioni, pale ambapo waganga hawakatazi na njia ni salama. Sanduku liwekwe katikati ya chumba, na taa. Shirika la mtaa lipange zamu: hawa mpaka saa sita, wale mpaka alfajiri. Nyumba ikiwa ndogo, kikanisa cha mtaa kifunguliwe. Kipaza sauti kibaki kwa mwenyewe. Na katekista apewe kitabu cha mazishi siku ile ile kifo kinapotangazwa, kwa maana majuzi tulimwona mmoja akikipekua kwa mara ya kwanza mlangoni mwa kanisa, sanduku likiwa limekwisha kuingia.